Dawa za ADHD: zinamtibu mtoto au zinamtuliza mwalimu?

#1 MamaPacha
Kwema wakuu? Nina mapacha wa kiume, miaka minane. Wa kwanza katulia. Mdogo wake wa dakika chache hawezi kumaliza mstari mmoja wa kuandika bila kuinuka. Si mkorofi, wala si mjinga. Asubuhi anaanza kufunga kamba za viatu, katikati anamwona sisimizi, anamfuata, tunafika getini kiatu kimoja kimefungwa na kingine kinaburuza kamba. Kila siku ya Mungu.

Tumempeleka kwa daktari wa watoto. Mimi na mwalimu tumejaza madodoso, macho na masikio yamepimwa, jibu likawa ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kukaza akili. Ameshauri aanze methilifenideti, ile ambayo wengi wanaijua kama Ritalin, kwa dozi ndogo. Baba yao kagoma. Anasema hiyo ni dawa ya kulevya yenye cheti cha daktari, mtoto atafanywa zezeta ili mwalimu apumzike. Mimi sijagoma, ila naogopa.

Waliotumia, waliowapa watoto wao, na wenye fani: faida zake zina uzito gani mbele ya madhara? Ushauri wa "mwombee tu" nimeshaupata wa kutosha.

#2 Jongoo77
Enzi zetu hawa walikuwepo, tukiwaita watundu. Walikula bakora, wakanyooka. Siku hizi kila tabia ina jina lake na kidonge chake.

#3 BintAlfajiri
@Jongoo77 walionyooka unawakumbuka. Walioacha shule katikati nao umewahesabu?

Mama pacha, usijitese. Mpe wiki moja. Akitulia ujue anayo, asipotulia hana. Dawa yenyewe ndiyo kipimo.

#4 Kinyonga
Dada, hiyo ni amfetamini. Imo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, Jedwali la Pili. Dunia nzima haikukaa kikao kuifungia dawa isiyo na neno. Baba pacha yuko sahihi, msikilize.

#5 MfamasiaMstaafu
Tuwekane sawa, maana #4 amechanganya vitu viwili.

Methilifenideti si amfetamini. Zina udugu, zote mbili zimo kwenye Jedwali la Pili la mkataba huo, lakini jedwali hilo ni la dawa zenye matumizi ya tiba zinazohitaji udhibiti mkali. Zile zinazohesabiwa kuwa karibu hazina kazi ya tiba zimewekwa Jedwali la Kwanza. Kudhibitiwa si sawa na kuharamishwa. Mofini nayo inadhibitiwa, na mgonjwa wa saratani anapewa.

Zinavyofanya kazi: kwenye ubongo, dopamini na noradrenalini zikishatolewa na seli, huwa zinavutwa tena ndani na vibebeo maalumu. Methilifenideti inaviziba vibebeo hivyo, kemikali hizo zinakaa nje muda mrefu zaidi. Amfetamini inaziba na pia inazisukuma zitoke kwa wingi. Ukimeza kidonge, kiwango kinapanda taratibu. Ukikisaga ukavuta puani au kujidunga, kinapanda ghafla, na mpando huo wa ghafla ndio unaoleta ulevi na uraibu. Ndiyo maana tunasema dawa ifungiwe kabatini, ihesabiwe, na mtoto asipewe chupa abebe mwenyewe.

Kwa wapenda historia: amfetamini ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1887 na mkemia wa Romania, Lazăr Edeleanu. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, kwenye kituo cha watoto huko Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 Benzedrine, ambayo ni amfetamini. Shida aliyokuwa akihangaika nayo ilikuwa maumivu ya kichwa. Watoto walikuwa wakitolewa maji ya uti wa mgongo ili ubongo uonekane kwenye picha ya eksirei, na vichwa vikiwauma vibaya. Vichwa havikupona kivile, ila karibu nusu yao, 14, walibadilika darasani kiasi cha kushangaza. Watoto wenyewe wakaviita vidonge vya hesabu.

Methilifenideti ikaja 1944, kiwandani Ciba, Uswisi. Aliyeitengeneza, Leandro Panizzon, alikuwa na mke akiitwa Marguerite, kwa kifupi Rita, aliyekuwa akiimeza kabla ya kucheza tenisi kwa sababu presha yake ilikuwa ya chini. Ritalin ni jina lake huyo mama.

#6 MwlZawadi
Kwa hiyo tangu 1937 ni darasani ndiko kulikoonekana tofauti, halafu leo mwalimu ndiye mshtakiwa kwenye kichwa cha uzi 😄

Mimi ndiye huyo mwalimu anayetulizwa. Nina watoto wengi kwenye chumba kimoja na sijawahi kumwandikia mtu dawa. Nimewahi kuwa na binti aliyekuwa akipasua karatasi zake mwenyewe kwa hasira kila akikosea herufi. Alipoanza dawa akawa anafuta, anaandika upya. Nimewahi pia kuwa na mvulana aliyeanza dawa akawa bubu. Anakaa, anachuna ngozi ya vidole, hacheki hata wenzake wakivunjika mbavu. Nilimwita mama yake siku hiyohiyo, dozi ikapunguzwa, kicheko kikarudi na umakini kiasi ukabaki. Huyo wa pili mtu mwingine angemsifu: ametulia. Mtulivu wa namna ile mimi simtaki darasani kwangu.

Jingine. Kabla ya dawa, angalia mtoto ana umri gani ukilinganisha na wenzake darasani. Kuna utafiti mkubwa wa British Columbia, Kanada, uliotoka 2012, watoto zaidi ya 900,000. Kule mwaka wa kuandikishwa unakatwa Desemba. Wavulana wa Desemba, yaani wadogo kuliko wote darasani, walikuwa na uwezekano wa asilimia 30 zaidi kuambiwa wana ADHD kuliko wale wa Januari, na asilimia 41 zaidi kupewa dawa. Utoto wa kawaida unaandikiwa cheti.

#7 MamaPacha
@MwlZawadi ahsante mwalimu, kichwa cha uzi ni maneno ya baba yao, mimi nimeyanakili tu 😅 Hiyo ya umri kwangu inagonga mwamba. Wangu wawili wamezaliwa usiku mmoja, wako darasa moja, mwalimu mmoja, na mmoja ndiye mwenye shida.

#8 MwlZawadi
Kwa wako haigusi. Kwa wengine watakaosoma uzi huu inagusa sana.

#9 FundiSaa
Nami nichangie kama mtumiaji, si mzazi. Niligunduliwa nikiwa mtu mzima, baada ya kazi kadhaa kuniponyoka kwa sababu zilezile: kuchelewa, kusahau, kuanza kumi na kumaliza moja.

Siku ya kwanza hakuna malaika waliopiga tarumbeta. Nilichokiona ni kwamba nilifungua barua pepe ya kazini, nikaisoma hadi mwisho, nikaijibu, nikaifunga. Nikabaki nimeduwaa. Watu wengine wanaishi hivi siku zote?

Bili yake ni hii. Mdomo unakauka. Mchana njaa haiji, usipojilazimisha unakuja kushtuka jioni unatetemeka. Nikiongeza kahawa moyo unapiga kama mgeni mlangoni. Na dawa ikiisha mwilini, ile saa moja hivi ya mwisho, nakuwa mtu wa kukwaruzana. Mke wangu ana sheria: saa kumi na mbili jioni hatuzungumzii hela. Vidonge vya kawaida vya methilifenideti vinakaa saa tatu hadi nne, vile vya kuachia polepole saa nane hadi kumi na mbili. Nilipohamia vya polepole, ule mporomoko ulilainika lakini usingizi ukasogea mbele. Unachagua kero yako.

#10 Jongoo77
Sasa si unywe kahawa tu ujiokolee foleni ya daktari?

#11 MfamasiaMstaafu
@Jongoo77 kafeini inagusa njia nyingine, ile ya adenosini. Imejaribiwa kwa watoto wenye ADHD tangu miaka ya 1970, na mara nyingi ilipowekwa upande kwa upande na dawa hizi imeshindwa.

#12 Pweza
Naona hisia nyingi, nitupie namba kidogo.

Utafiti unaotajwa kuliko yote unaitwa MTA, wa Marekani, matokeo ya kwanza 1999. Watoto 579, miaka 7 hadi 9, makundi manne: dawa zinazosimamiwa kwa makini, mafunzo ya tabia kwa mzazi, mtoto na shule, vyote viwili kwa pamoja, na kundi lililoachwa litibiwe kwa madaktari wao wa kawaida. Baada ya miezi 14, kwenye dalili zenyewe za ADHD, dawa na mchanganyiko vilishinda mafunzo peke yake. Mchanganyiko haukuizidi dawa kwa kiasi kikubwa kwenye dalili hizo. Ila kwenye wasiwasi, ugomvi na wazazi, na mahusiano ulionyesha manufaa kidogo, na watoto wake walitumia dozi ndogo zaidi.

Halafu kuna ya 2007. Watoto walewale, miaka mitatu baada ya kuanza. Tofauti kati ya makundi manne zilikuwa zimeyeyuka. Na waliokuwa wapya kwenye dawa wakatumia mfululizo walikuwa wamepungukiwa sentimita 2 za urefu na kilo 2.7 ukiwalinganisha na wasiotumia.

#13 Kinyonga
Nimekaa paleee nikisubiri hiyo. Miaka mitatu hakuna faida, ila ufupi upo. Mnataka nini tena?

#14 Pweza
@Kinyonga usikimbie na nusu ya habari. Miezi 14 ilipoisha jaribio liliachiwa. Kila familia ikafanya ilivyotaka. Waliokuwa kundi la dawa wengine waliacha, waliokuwa kundi la mafunzo wengine wakaanza dawa, na ule usimamizi wa kila mwezi ukaisha. Kwa hiyo "makundi yamelingana" inaweza kuwa na maana tatu. Kwamba makundi yalishachanganyikana. Au kwamba dawa inapoteza makali kadiri miaka inavyosonga. Au kwamba wanaobaki kwenye dawa ni wale wenye hali mbaya zaidi, hivyo wanaonekana hawana nafuu. Wataalamu wamevutana juu ya hili tangu siku hiyo na kila mmoja ana mchoro wake.

#15 Kinyonga
Kwa hiyo hata wao hawajui, na mnataka mtoto wa miaka minane ameze.

#16 FundiSaa
Kuna mambo unayajua kwa kuyaishi, kaka. Mtu asiyeona mbali humwambii akodoe macho zaidi, unampa miwani. Hakuna anayeuliza miwani itamsaidia baada ya miaka mitatu akiivua.

#17 NdegeMnana
@FundiSaa mfano huo nauchoka. Miwani haimnyimi mtoto usingizi.

Mwanangu alianza akiwa na miaka saba. Mwezi wa kwanza tulishangilia. Mwezi wa pili suruali zikaanza kumdondoka. Kisha akaanza kupepesa macho na kutikisa shingo, kitu ambacho hakuwa nacho. Daktari tuliyekuwa naye alikuwa anaongeza dozi kwa simu. Hampimi uzito, hampimi presha, anauliza tu "shuleni wanasemaje?" Shuleni walikuwa wanasifia. Nyumbani usiku ninaye mtoto anayetazama dari.

Tuliacha, tukahamia kwa daktari mwingine, akatupa atomoksetini, ambayo si kichangamshi kama methilifenideti na amfetamini. Ilichukua wiki kadhaa kabla hatujaona chochote, mwanzoni ikampa kichefuchefu na usingizi wa mchana. Haina ule mshindo wa ile ya kwanza, hilo siwafichi. Lakini anakula na analala. Sisemi dawa ni sumu, nasema ukimpata anayeongeza dozi bila mizani ondoka.

#18 MfamasiaMstaafu
@NdegeMnana pole sana mama. Hiyo ya kutikisa shingo huwa inabishaniwa. Mitikisiko hiyo huambatana na ADHD yenyewe, na mara nyingi huanza umri huohuo ambao mtoto anaanza dawa. Majaribio yaliyojumlishwa hayajaonyesha wazi kwamba methilifenideti kwa ujumla inaizidisha. Lakini mtoto mmoja mmoja anaweza kuzidiwa, na daktari akiona hivyo hupunguza au hubadilisha. Atomoksetini nayo ina tahadhari zake: ini, na mawazo ya kujidhuru kwa watoto wachache, hivyo miezi ya mwanzo anaangaliwa kwa karibu.

#19 NdegeMnana
Huenda dawa, huenda umri. Nachojua yalianza baada ya kidonge na yakakoma baada ya kidonge.

#20 Pweza
Narudi kwa #3, maana hakuna aliyemgusa na hilo ni kosa linalosambaa. "Akitulia ujue anayo" si kweli. Mwaka 1978 Judith Rapoport na wenzake waliwapa deksitroamfetamini, aina ya amfetamini, wavulana 14 wasio na tatizo lolote. Nao walitulia na wakafanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya umakini. Kidonge kinamtuliza mwenye ADHD na asiye nayo. Utambuzi unatoka kwenye historia ya mtoto: dalili zimeanza kabla ya miaka 12, zinaonekana nyumbani na shuleni, na zinamharibia maisha. Mabadiliko ya wiki moja hayakupi jibu.

#21 BintAlfajiri
Nimesikia, profesa. Ila wiki hiyo itamwambia mama kama inamsaidia au la, na hilo ndilo analolihitaji.

#22 Mwanachuo_Mchovu
Shikamooni wakubwa. Kama inamsaidia hata asiye nayo, basi mimi mwenye mitihani mwezi ujao… naulizia rafiki yangu.

#23 Pweza
@Mwanachuo_Mchovu mwambie "rafiki" kwamba 2023 kulitoka utafiti wa watu wazima 40 wenye afya. Walipewa methilifenideti, deksitroamfetamini, modafinili (dawa ya kufukuza usingizi) au kidonge bandia, kisha wakafanyishwa fumbo la kujaza begi: una vitu vyenye uzito na thamani tofauti, uchague vya kubeba bila kuzidisha uzito. Wakiwa na dawa walitumia muda mrefu zaidi na kuhamisha vitu mara nyingi zaidi. Ubora wa majibu ukashuka. Bidii ilipanda, akili ya kuchagua ikazubaa. Na wale waliokuwa bora kabla ya dawa ndio walioelekea kushuka chini ya wastani.

#24 Mwanachuo_Mchovu
Rafiki kaahirisha.

#25 Jongoo77
Nimeanza kusoma #5 nikaishia kwa Rita wa tenisi, nikaenda kutafuta picha za tenisi za zamani, sasa nimerudi mko ukurasa mwingine kabisa. Nani anifupishie?

#26 FundiSaa
@Jongoo77 mzee wangu, kapime 😂😂

#27 MwlZawadi
Bakora hazikumnyoosha huyu.

#28 Kobe_wa_Pili
Mbona hamgusi moyo? Mimi ni mtumiaji mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, na hilo ndilo linaloniweka macho.

#29 MfamasiaMstaafu
Vichangamshi hupandisha mapigo ya moyo na presha kidogo kwa wengi, mapigo machache kwa dakika. Kwa wachache hupandisha zaidi, ndiyo maana mtu anapimwa kabla na kila dozi inapobadilishwa. Mwenye kasoro ya moyo, au ambaye kwao kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, huyo anatakiwa afike kwa daktari wa moyo kwanza. Pia glakoma (presha ya jicho) ya kona finyu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na anayetumia dawa za sonona za kundi la kuzuia kimeng'enya MAO: hao hawapewi.

Mwaka 2011 Marekani waliangalia rekodi za watoto na vijana milioni 1.2, hawakuona ongezeko la mshtuko wa moyo, kiharusi wala kifo cha ghafla.

#30 Kobe_wa_Pili
Hiyo ni ya watoto na vijana, mzee wangu. Kuna ya Uswidi ya 2023, watu zaidi ya 278,000 wa miaka 6 hadi 64. Kila mwaka wa ziada wa kutumia uliambatana na ongezeko la asilimia 4 hivi la hatari ya maradhi ya moyo na mishipa, hasa presha ya kupanda. Walifuatilia hadi miaka 14. Mimi napima presha kila asubuhi kabla ya kidonge. Ikiwa juu, simezi, napigania siku hivyohivyo kwa orodha na kengele za simu.

#31 Pweza
@Kobe_wa_Pili na @MfamasiaMstaafu namba zenu haziparurani. Mmoja anaongelea matukio makubwa kwa vijana, mwingine anaongelea miaka mingi na presha.

#32 Siafu
Mimi nije na la kichwa. Mdogo wangu, miaka ishirini na kitu, alipewa amfetamini. Dozi ikapandishwa haraka. Akaanza kuniambia majirani wanamjadili nyuma ya ukuta, akawa anaweka sikio pale, ananiambia "shh, sikiliza". Hakukuwa na kitu. Dawa ilisimamishwa, akalazwa kwa muda mfupi, sauti zikaondoka. Baadaye ndipo tukaambiwa walipaswa kutuuliza kama kwenye ukoo kuna mtu aliyewahi kuugua akili. Yupo. Shangazi.

#33 Kinyonga
Pole sana Siafu. Hili ndilo nalolisema tangu juu.

#34 Pweza
Pole ndugu. Kwa wanaosoma: utafiti wa 2019 wa vijana wa miaka 13 hadi 25 waliotibiwa ADHD kwa vichangamshi ulikuta takriban mmoja kati ya 660 alipata saikosisi mpya, yaani kusikia au kuamini visivyokuwepo. Waliopewa amfetamini walikuwa karibu maradufu ya waliopewa methilifenideti. Ni nadra. Mwaka 2024 timu hiyohiyo ikaonyesha kwamba dozi kubwa za amfetamini, zinazozidi miligramu 30 za deksitroamfetamini au kipimo kinacholingana nazo, ndizo zenye hatari kubwa mno, zaidi ya mara tano. Kwa hiyo dozi kupandishwa haraka, kama kwa mdogo wake Siafu, si jambo dogo.

#35 Siafu
Nadra hadi imkute wa kwenu.

#36 BintAlfajiri
Mbona hatari tunaipima upande mmoja tu? Kutompa nako kuna hatari. Watu wenye ADHD wanapata ajali zaidi, wanaungua zaidi, wanafukuzwa shule na kazi zaidi, wanajeruhiana zaidi. Uswidi walifuatilia zaidi ya watu wazima 25,000, ikatoka 2012: vipindi ambavyo mtu alikuwa anatumia dawa, uhalifu ulipungua kwa asilimia 32 kwa wanaume na 41 kwa wanawake, ukimlinganisha mtu na yeye mwenyewe akiwa hatumii. Na 2024, hukohuko, karibu watu 149,000 waliogunduliwa: ndani ya miaka miwili vifo 39 kati ya 10,000 kwa walioanza dawa, 48 kwa ambao hawakuanza. Nani anaihesabu hiyo 9?

#37 Kinyonga
Anayefuata dawa vizuri huenda ndiye mwenye familia inayomfuatilia, kazi na usingizi mzuri. Dawa inapewa sifa za mama yake.

#38 BintAlfajiri
Ndiyo maana nimekuambia ile ya 2012 walimlinganisha mtu na nafsi yake. Mama yake alikuwa yuleyule vipindi vyote viwili 🙄

#39 Kinyonga
Na mtu huanza dawa lini? Anapoamua kubadilika. Uamuzi huo nao unapunguza uhalifu.

Halafu mbona hamsemi kwamba Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiweka methilifenideti kwenye orodha ya dawa muhimu, 2019 na tena 2021?

#40 Pweza
Nalisema sasa. Ilikataliwa kwa sababu ushahidi wa matumizi ya muda mrefu ulionekana haujitoshelezi. Na tathmini ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, majaribio 185, ilisema huenda inapunguza dalili kwa tathmini ya walimu, lakini ubora wa ushahidi ni wa chini sana. Upande wa pili, uchambuzi wa 2018 uliojumlisha majaribio 133 ulihitimisha methilifenideti iwe chaguo la kwanza kwa watoto na amfetamini kwa watu wazima, kwa kipindi cha wiki 12 hivi. Karatasi nyingi ni zilezile, masharti ya kuzipa alama ndiyo tofauti. Wa Cochrane wanasema daktari na mzazi hutambua nani amepewa dawa kwa kuona hajala, kwa hiyo jaribio si la siri tena. Wenzao wanasema mkitumia kigezo hicho hakuna dawa ya akili itakayobaki. Mimi nikiwasoma wote wawili naona kila mmoja ana haki mahali fulani, na wiki 12 ni fupi kwa mtoto atakayemeza miaka kumi.

#41 MamaPacha
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Ahsanteni. Sasa tushuke chini: tukiamua kujaribu, nidai nini kwa daktari? Na hizi likizo za dawa za Jumamosi na Jumapili vipi?

#42 MfamasiaMstaafu
Presha, mapigo, urefu na uzito kabla ya kidonge cha kwanza, viandikwe. Waulizeni ukoo wote wa pande mbili kuhusu moyo na magonjwa ya akili. Mwongozo wa Uingereza unataka mtoto wa miaka kumi kushuka chini apimwe uzito kila miezi mitatu, urefu kila miezi sita, na moyo kila dozi ikibadilika. Dozi ianze chini, ipande taratibu, mwalimu na nyinyi mkijaza madodoso yaleyale kila hatua ili mlinganishe. Ale kabla ya kidonge cha asubuhi, hamu itakuwa haijaondoka bado. Kidonge cha mchana kisichelewe, kitakula usingizi. Mafunzo ya wazazi msiyaache kwa kuwa kidonge kimepatikana. Na angalau mara moja kwa mwaka mkae na daktari mjiulize kama bado anaihitaji.

#43 FundiSaa
Likizo mimi nazipenda, Jumapili nala kama askari.

#44 NdegeMnana
Kwetu wikendi bila dawa ilikuwa vita. Anaanza na kuacha, anaanza na kuacha, kila Jumatatu mwili unashtuka upya. Daktari wa pili alikataa kabisa, akasema tukitaka kupumzisha basi iwe likizo ndefu ya shule, na kwa sababu maalumu kama uzito.

#45 BabaPacha_mwenyewe
Habarini. Nimeonyeshwa uzi huu usiku. Zezeta nilisema mimi, ndiyo, na sijalifuta. Swali langu ni moja na naomba lisijibiwe kwa kejeli. Sentimita 2 za #12 zinarudi akiwa mkubwa au zimekwenda moja kwa moja?

#46 Pweza
Karibu mkuu. Watoto wa MTA walifuatiliwa hadi utu uzima, ikachapishwa 2017. Waliotumia mfululizo hadi ujana walibaki wafupi kwa sentimita mbili hivi kuliko waliotumia kwa kuachia-achia. Na dalili zao ukubwani hazikuwa pungufu kuliko za wenzao. Lakini hawakupangwa kwa kura kufikia hapo, walijichagua. Tafiti nyingine zimekuta hakuna tofauti ya maana ya urefu.

#47 Kinyonga
Zinarudi au hazirudi? Mwenzio kauliza ndiyo au hapana.

#48 Pweza
Kwa wanaotumia bila kukatisha miaka yote, kwenye utafiti huo, hazikurudi. Kwa anayetumia miaka michache dalili ni kwamba pengo ni dogo. Ndiyo au hapana kaitafute kwa mganga.

#49 BabaPacha_mwenyewe
Mimi mwenyewe ni mfupi na sijawahi kukosa kazi kwa ajili hiyo. Kazi nimezikosa kwa mengine, ambayo mama pacha anayajua. Tuna miadi wiki ijayo, naenda naye, nitauliza hiyo ya moyo na ya shangazi. Tunao mashangazi wengi.

#50 Jongoo77
@BabaPacha_mwenyewe kazi ulizikosa kwa kuchelewa? Naulizia rafiki yangu.

#51 Tausi_R
Nimechelewa kufika. Kuna aliyeendelea na methilifenideti akiwa ananyonyesha?

#52 MfamasiaMstaafu
@Tausi_R fungua uzi wake, mama, nitakuja huko. Taja dozi, umri wa mtoto, na kama alizaliwa kabla ya siku. Hapa hawajamalizana na sentimita.